Barua kutoka Berlin: Mtihani Unaowatoa Mawaziri Jasho

Desemba 2001 Wajerumani walipatwa na fedheha ambayo hadi leo wanaiita "mshtuko wa PISA". Taifa linalojivunia wanafalsafa na wahandisi wake liliambulia nafasi ya 21 kati ya nchi 31 katika kipengele cha kusoma cha mtihani huo wa kimataifa. Tena ikabainika kwamba ni nchi chache mno ambako hali ya wazazi iliamua alama za mtoto kama huku. Wataalamu wa hapa walikuwa wamelalamika miaka na miaka: katika majimbo mengi watoto hutenganishwa wakiwa na umri wa miaka 10 tu, huyu aelekezwe chuo kikuu, yule kwenye ufundi. Wakapuuzwa, mpaka Paris iliposema.

Paris ndiko yaliko makao ya OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri, linaloendesha PISA kwa vijana wa miaka 15 tangu 2000. Halina uwezo wa kumfuta kazi waziri yeyote. Lina jedwali tu, na jedwali likatosha. Mwaka 2003 serikali ilitenga yuro bilioni 4 kwa shule za kutwa nzima, na majimbo, yenye wivu mkubwa juu ya elimu yao, yakakubaliana viwango vya pamoja. Ule utengano wa mapema, wenye watetezi wazito, uliguswa kidogo sana. Katika PISA ya 2022 Ujerumani ilipata 475 katika hisabati, alama yake ya chini kabisa.

Jedwali lenyewe lina siasa zake. China iliyoongoza mwaka 2018 ilikuwa Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang, maeneo yenye neema. Vijiji vya bara havikuwamo. Mei 2014 wasomi wa nchi mbalimbali walimwandikia barua ya wazi Andreas Schleicher, Mjerumani anayesimamia PISA, wakihoji nani amelikabidhi shirika la uchumi dhamana ya kuongoza elimu ya dunia.

Nyumbani tuna kipimo chetu, SACMEQ, cha nchi za kusini na mashariki mwa Afrika. Mwaka 2007 darasa la sita la Tanzania Bara liliongoza ukanda katika kusoma, likiwapita Wakenya waliofanya kwa Kiingereza. Watanzania walijibu kwa Kiswahili. Lakini wakiingia kidato cha kwanza wanafundishwa kwa Kiingereza, Kiswahili kinabaki somo moja miongoni mwa mengi, na PISA hufuata lugha ya kufundishia. Basi siku waziri atakapotangaza kwa mbwembwe kwamba tunajiunga, wabunge wamuulize kwanza: watoto wetu watajibu kwa lugha gani?