Stakabadhi Moja na Vitabu Vitatu

Watu wengi hudhani kwamba kila ugomvi juu ya kodi huletwa na mtu asiyetaka kulipa. Lakini uko ugomvi wa namna nyingine, nao humpata mtu aliyelipa kwa hiari yake, kisha akaambiwa mbele ya watu kwamba hakulipa. Huu wa pili ndio mchungu zaidi, kwa maana mtu huona ameitwa mwongo. Jambo hili lilitufikia nyumbani kwetu katika mwaka wa 2019, nami nalieleza hapa kwa ajili ya wakulima na makarani wenzangu, kwani hakuna mwenye ploti ambaye haliwezi kumfikia.

Kwanza yafaa tufahamiane juu ya kodi yenyewe. Katika Kenya, mtu mwenye ploti mjini hulipa kodi ya ardhi kila mwaka kwa serikali ya kaunti, kama ilivyoruhusiwa na Katiba ya mwaka wa 2010 katika kifungu cha 209. Kodi hii si ile ya pango la ardhi, ambayo hulipwa Serikali ya Taifa na wale waliopewa ardhi kwa muda wa miaka fulani. Zamani kodi ya ploti ilipokewa na mabaraza ya miji na ya wilaya, ambayo yalikuwa 175 katika nchi nzima. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza hayo yalikwisha, na kaunti 47 zikashika kazi. Madeni na mali, pamoja na vitabu vya hesabu, vikahama kutoka mikono ya zamani kwenda mikono mipya. Kila aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba siku ya kuhama ndiyo siku ya kupotea vijiko.

Baba yetu alituachia ploti moja ndogo mjini, mimi na kaka yangu. Kaka alifariki mwaka wa 2018, akaacha mke na watoto wanne. Wazee wa ukoo tuliketi, tukakubaliana kwamba sehemu yangu nimwachie shemeji, ili ploti yote iwe yake, apate kukopa katika chama cha akiba na mikopo na kujenga vyumba vya kupangisha. Karo za watoto zilitegemea vyumba hivyo. Lakini ardhi haiandikwi kwa jina jipya mpaka ipatikane hati ya kaunti kwamba ploti haina deni la kodi. Tulipoiomba hati hiyo, tulipewa badala yake karatasi ya madai. Ilisema kwamba kodi ya miaka mitano, tangu 2008 hadi 2012, haijalipwa, jumla yake shilingi 21,000. Juu yake iliwekwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa miezi 76, yaani shilingi 15,960. Jumla kuu ilikuwa shilingi 36,960.

Miaka iliyofuata, tangu 2013, ilionekana imelipwa yote. Ila ile mitano ya baraza la zamani ilikuwa tupu. Nami nilijua kwamba kaka alikwenda mjini mwezi wa Oktoba 2012, baada ya kuuza fahali, akailipa yote kwa siku moja.

Shemeji alifungua lile kopo la bati ambalo kaka aliwekea karatasi zake. Kati ya kadi za kliniki za watoto na barua za shule tuliiona stakabadhi. Ilikuwa na nambari yake, tarehe, muhuri wa baraza, nambari ya ploti yetu 417, na shilingi 21,000 kwa tarakimu na kwa maneno. Tabia ya kutunza karatasi kaka aliirithi. Kodi ya nyumba ilianzishwa katika nchi hii mwaka wa 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka wa 1910. Na babu zetu walijifunza upesi kwamba mtu asiye na stakabadhi yake hana la kumjibu askari wa kodi. Walizificha katika paa la nyumba na katika vibuyu. Wahenga nao walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilikwenda ofisini na shemeji. Karani wa dirishani, msichana mpole, alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "kompyuta haionyeshi malipo haya."

"Binti yangu," nikamjibu, "kompyuta husema kile ilichoambiwa. Hii stakabadhi nayo inasema nini?"

"Mzee, nisamehe, lakini stakabadhi za kughushi zimeletwa hapa mara nyingi. Mimi siwezi kufuta deni kwa karatasi tu."

Shemeji alikasirika, machozi yakamlenga. Mimi sikukasirika. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kwa miaka 31, na kama mtu angeniletea karatasi ya miaka saba iliyopita, nami ningesita vivyo hivyo. Karani afutaye deni bila ushahidi leo, kesho atafuta deni kwa rafiki yake.

Tulipotoka nje, kijana mmoja aliyesimama langoni alitufuata. Akasema kwamba kwa shilingi 6,000 anaweza kumwona mtu wake wa ndani, na lile deni litatoweka kabla ya jioni. Wako jamaa zetu walioona kwamba hiyo ni nafuu, maana 6,000 si sawa na 36,960. Niliwaambia kwamba deni lililofutwa na mkono wa siri laweza kurudishwa na mkono mwingine wa siri, nasi hatutakuwa na karatasi ya kuonyesha. Jamaa wengine walisema tulipe tu mara ya pili, tupate amani. Lakini kulipa mara ya pili ni kukiri kwamba kaka hakulipa mara ya kwanza, na fedha hizo ni karo ya mtoto.

Sasa nieleze njia tuliyoifuata. Fedha ya kodi ilipopokewa katika baraza, ilipita katika vitabu vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha stakabadhi, ambacho kishina chake hubaki ofisini na nambari ileile aliyopewa mlipaji. Cha pili ni daftari la fedha, ambamo malipo yote ya siku huandikwa moja baada ya jingine, na jumla yake kulinganishwa na fedha iliyopelekwa benki. Cha tatu ni leja, ambamo kila ploti ina ukurasa wake. Kompyuta ya kaunti ilijazwa kutoka katika leja. Basi swali halikuwa kama kaka alilipa au hakulipa. Swali lilikuwa: fedha hii ilikomea katika kitabu gani?

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuweka manung'uniko ndani yake. Niliandika nambari ya ploti, tarehe, kiasi cha fedha na nambari ya stakabadhi, kisha nikaomba jambo moja tu: kishina cha stakabadhi hiyo na daftari la fedha la siku ile vifunguliwe, nami nielezwe kwa maandishi kilichoonekana. Nilitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, ambayo humpa mwananchi haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma, na huiagiza ofisi iamue ombi lake katika siku 21. Niliambatisha nakala ya stakabadhi. Ile yenyewe haikutoka mkononi mwetu. Na nakala ya barua nikaigongesha muhuri wa kupokewa, wenye tarehe.

Siku ya 19 tuliitwa. Mhasibu mmoja, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi katika baraza la zamani, alituongoza hadi stoo iliyo nyuma ya ofisi, ambako vitabu vilipangwa mpaka darini na kujaa vumbi. Alitafuta kwa saa mbili. Kishina kilipatikana kwanza, nacho kilikuwa sawa na stakabadhi yetu: ploti 417. Kisha akafungua daftari la fedha. Tarehe ileile, nambari ileile ya stakabadhi, shilingi zilezile 21,000, lakini mbele yake imeandikwa ploti 471. Karani wa siku ile aligeuza tarakimu mbili. Leja ikafuata daftari, na kompyuta ikafuata leja.

Shemeji alipiga kigelegele mle mle stoo. Mhasibu hakucheka. Alifungua leja kwenye ukurasa wa 471, akatazama, akanyamaza.

"Bwana Mhasibu, kuna nini?" nikamwuliza.

"Mzee, fedha yenu ilikaa hapa. Mwenye ploti hii alionekana amelipa mbele miaka mitano. Tangu 2013 hadi 2017 hakudaiwa kitu. Nikiirudisha kwenu, yeye atakuwa na deni la 21,000, na mashine itaweka riba yenyewe."

Mwenye ploti ile tulimjua. Ni mjane mzee auzaye mboga sokoni. Mtu aweza kusema kwamba hilo si letu. Tuchukue hati yetu twende zetu. Jamaa zangu wawili walisema hivyo hasa jioni ile. Lakini shemeji alisema, "Riba hii mliilia kwa ajili yangu kwa sababu mimi ni mjane. Je, yule si mjane? Hatuwezi kutua mzigo wetu juu ya kichwa chake na kuondoka." Hakuna aliyemjibu.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mama. Mwanzo alitutazama kama watu waliomletea balaa. Tulipokwisha kumweleza, akaleta mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Mlikuwamo karatasi za kaunti za kila mwaka, tangu 2013 hadi 2017, na kila moja ilisema kwamba deni lake ni sifuri. Hapo nikajua kwamba ameokoka. Riba ni adhabu ya mtu aliyechelewa. Mtu aliyekwenda dirishani kila mwaka na kuambiwa kwa maandishi kwamba hana deni, amechelewa vipi?

Tukaandika barua ya pili, ya kwake. Ilikubali kodi yenyewe ya shilingi 21,000, kwa sababu miaka hiyo mitano kwa kweli hakuilipa. Ilikataa riba, na kuomba alipe kidogo kidogo. Katiba, katika kifungu cha 47, humpa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa njia ya haki na kwa sababu zinazoeleweka. Nasi tuliliweka neno hilo mwishoni mwa barua kwa adabu. Ofisi ilikubali. Riba haikuandikwa, naye akapewa miezi 14 ya kulipa shilingi 1,500 kila mwezi. Hati yetu ilitoka mwezi wa Agosti 2019. Leo vyumba vya shemeji ni vinne, na watu wanakaa ndani.

Wasomaji wataniuliza, je, kama barua isingejibiwa? Mtu aliyenyimwa habari, au ambaye siku 21 zimepita kimya, aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki za Utawala. Na kama ugomvi ni juu ya kodi za Taifa, zile zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya iliyoundwa mwaka wa 1995, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015 humpa mtu siku 30 za kuleta pingamizi lake kwa maandishi tangu kuarifiwa. Asiporidhika na uamuzi, liko Baraza la Rufani za Kodi, na baada yake Mahakama Kuu. Siku hizo huhesabiwa kwa ukali. Anayezipoteza kwa kunung'unika hotelini hazirudishiwi.

Tena, karatasi za leo si kama zile za kaka. Stakabadhi nyingi huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini, na maandishi yake hufifia hata karatasi ikabaki nyeupe. Itolewe nakala siku ileile. Ujumbe wa M-Pesa nao usiachwe katika simu, maana simu huibwa na huanguka majini. Uandikwe katika daftari, pamoja na nambari yake, tarehe, na jina la kilicholipiwa. Kisha mtu asiondoke dirishani kabla ya kusoma nambari ya ploti yake, tarakimu kwa tarakimu, na kuuliza kama ndiyo iliyoingia katika hesabu. Karani mwema hakasiriki kwa kuulizwa hivyo.

Yule mama wa mboga alimaliza kulipa mwisho wa mwaka wa 2020, katika siku za ugonjwa wa korona, wakati soko lilikuwa limefungwa mara kwa mara. Stakabadhi zake zote 14 amezishona kwa uzi mmoja.