Mashindano ya Mshipi

Huko kwetu Palma tuliwahi kushindana kuvua baharini, mashua kwa mashua, watu wanne kila moja, kwa mshipi tu, nyavu marufuku. Samaki wapimwe pwani kabla ya magharibi. Sisi tulishapata nguru wawili na kolekole, ushindi tunauona kabisa! Mara wapinzani wetu wakavunjikiwa mlingoti. Tukakunja mishipi, tukawafunga kamba, tukawavuta. Tulifika usiku, mizani imeshaondolewa. Sisi kwa sisi tulinuniana wiki nzima.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mashua ile ile ndiyo iliyotupakia na watoto wetu mpaka Pemba. Ndiyo maana hapa kambini jirani akiita, tunaacha tulichoshika, tunakwenda.