Chombo cha Marehemu

Wengi wenu mmeniuliza habari za Japani, nami kila mara huwaeleza juu ya treni ziendazo kasi, maana ndizo mpendazo kusikia. Leo nataka kuwaeleza habari ya kabati moja ya mbao.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 nilifika katika mji wa Nagasaki kusomea ualimu, nikapewa chumba katika nyumba ya mjane mmoja, juu mlimani, mahali pa kupanda kwa ngazi za mawe. Mumewe alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Nilimwita Obaasan, yaani bibi, naye akaniita Sensei, yaani mwalimu, ingawa mimi ndimi niliyekuwa mwanafunzi katika kila jambo. Mlangoni mtu huvua viatu na kuvaa ndara. Akitaka kukanyaga mikeka iitwayo tatami huzivua ndara nazo. Na chooni mna ndara nyingine kabisa, ambazo siku ya pili nilitoka nazo hata sebuleni. Bibi alicheka hata akashika mbavu.

Lakini kosa la siku ya kwanza hakulicheka. Tulipokuwa tukila, nilivisimamisha vijiti vyangu vya kulia wima katika bakuli la wali, ili nipate kushika kikombe. Bibi akanyosha mkono polepole, akavitoa, akavilaza, asiseme neno. Baadaye ndipo nilipojua ya kwamba wali wenye vijiti vilivyosimama ndicho chakula awekewacho maiti. Tena watu wawili hawapokezani chakula kwa vijiti, kwa sababu maiti akiisha kuchomwa, jamaa zake huokota mifupa kwa vijiti na kuitia chunguni. Nami nilikuwa nimeweka chakula cha maiti mezani pa mjane wa miezi miwili!

Katika chumba cha pili ndimo ilimokuwa ile kabati, ambayo Wabuddha huiweka nyumbani kwa ajili ya wazee wao waliokufa. Kila asubuhi, kabla hajaonja kitu, Bibi aliweka mbele ya picha ya mumewe wali kidogo na maji, akawasha udi, akagonga kengele ndogo, akaunganisha viganja. Kisha alimweleza habari za mvua, na bei ya samaki, na habari zangu pia. Jioni alimwekea kikombe kidogo cha pombe ya mchele, maana mzee aliipenda. Mimi nilipita pale nikiangalia chini.

Sababu ni hii: kikombe kile nilikijua. Babu yangu alikuwa akiwamwagia wazee pombe chini ya mti, na baba yangu alikuwa katekista. Babu alipofariki nilikuwa na miaka 17, na baba mkubwa akaniita mbele ya ukoo wote nishike kibuyu cha tambiko. Nikakataa kwa sauti kuu, nikasema kazi hiyo ni ya Shetani, nikaenda zangu hata kaburi halijafukiwa. Misheni walinisifu sana. Baba mkubwa hakunigombeza, ila toka siku ile hakuniita tena katika shauri lo lote.

Basi, mwezi wa Julai Bibi akaniambia ya kwamba tarehe 15 Agosti kila nyumba iliyofiwa tangu sikukuu ya wafu ya mwaka uliopita huunda chombo cha kumsafirisha marehemu wao, kikavutwa njiani mpaka pwani. Wakwe zake walikuwa wachache. Akasema, "Sensei, wewe una mabega."

Nikamwomba siku tatu, nikaenda kwa padre, naye ni Mjapani. Katika mji ule jambo hili si dogo. Mwaka 1614 dini yetu ilipigwa marufuku nchini mwote, na watu wa Nagasaki wakalazimishwa kila mwaka kukanyaga sanamu ya Bwana au ya Bikira Maria, ili Wakristo wajulikane. Hata hivyo walikuwako walioishika dini kwa siri zaidi ya miaka 200 pasipo padre, mpaka mwaka 1865 watu wa Urakami walipokuja katika kanisa jipya la Oura na kujifunua kwa padre Mfaransa. Nami naogopa chombo cha mbao! Padre akaniuliza, "Bibi amekuomba umwabudu mumewe, au umsaidie kumsindikiza?" Zaidi ya hayo hakuniamuru neno.

Siku ile, Jumatano, nilisali asubuhi Misa ya Kupalizwa Bikira Maria katika kanisa la Urakami, lile lililobomolewa na bomu la tarehe 9 Agosti 1945, likajengwa tena mwaka 1959. Jioni tukakusanyika. Mtawa wa Kibuddha alipoimba sala zake, wote wakainama. Mimi nikasimama wima, nikamsalia yule mzee Baba Yetu moyoni. Hata leo sijui kama nilisimama kwa imani au kwa ukaidi.

Nilidhani nitasikia vilio kama matangani kwetu. Kumbe ni fataki! Watu huzirusha njia nzima, hata wenyewe huziba masikio. Tukasukuma chombo chetu chenye magurudumu na taa za karatasi, tukiitikia "dooi, dooi", moshi ukituingia machoni. Zamani vyombo vilitiwa baharini. Siku hizi hukomea pwani, picha ya marehemu ikaondolewa, na mashine ikavunja mbao. Bibi aliitazama mpaka ikaisha. Kisha akageuka akaniinamia sana, nami, pasipo kufikiri, nikainama kuliko yeye.

Usiku ule nilimwandikia baba mkubwa, maana simu haipendi. Sikumwomba radhi kwa kukikataa kibuyu, kwa kuwa hata leo ningekikataa. Nilimwomba radhi kwa kuliacha kaburi la babu wazi.

Majibu yake yalikuwa ya mistari miwili. Ameuliza Wajapani hupika pombe yao kwa nafaka gani. Nikamjibu, kwa mchele.