Nilimwita Mlafi

Nilimkosea mwanangu wa pili, tena kwa miaka. Nilimwita mlafi mbele ya ndugu zake. Wote walikula sinia moja, wali uleule na chapati zilezile, lakini yeye peke yake ndiye aliyeota kitambi, nami nikashikilia kwamba anadokoa chakula jikoni. Nikampunguzia wali, nikamwachia juisi ya paketi kila jioni, maana niliamini kitu cha matunda hakina madhara.

Shingoni alikuwa na weusi mzito, laini kama mahameli. Nikadhani ni nongo. Nilimsugua kwa dodoki mpaka akachubuka, huku analia kwamba ameshaoga. Kumbe weusi ule ulikuwa dalili ya insulini iliyozidi. Misuli inapoacha kuitikia insulini, kongosho huongeza kuitoa, na hiyo nyingi hulisukuma ini kugeuza sukari kuwa mafuta. Tena sukari ya fruktosi, iliyojaa kwenye juisi na soda, huchakatwa zaidi kwenye ini. Nilimnyima wali nikamnywesha kilichomdhuru zaidi.

Nilipompeleka hospitali, vipimo vya damu vilionyesha vimeng'enya vya ini viko juu, na utrasaundi ikathibitisha kuwa ini lina mafuta. Daktari akauliza habari za ukoo. Mama yangu ana kisukari, kaka yangu vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sinia moja haikuwadhuru watoto sawasawa. Kuna miili inayorithi udhaifu huu: mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakiwemo, walitambua badiliko katika jeni ya PNPLA3 linalofanya mafuta yakwame ndani ya seli za ini.

Nakiri pia kwamba niliposikia neno urithi nilipata ahueni, nikataka kuisingizia damu. Sikuwa na haki hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwahusisha wavulana 40 wenye maradhi haya ya ini lenye mafuta. Kwa waliopunguziwa sukari ya vinywaji na vyakula kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17, ingawa jeni zao zilikuwa zilezile.

Nimemwomba mwanangu radhi. Nawe mzazi mwenzangu, mtoto wako akinenepa tumbo au akiwa na weusi shingoni, usimtukane. Mpeleke akapimwe sukari na ini, na hiyo juisi iondoe kwa nyumba nzima, si kwake peke yake.