Mwindaji Wangu wa Sayari ya Mbali

Katika Traveller, mchezo wa kuigiza safari za anga uliotoka 1977, ustadi wa kuwinda viumbe wa sayari nyingine ni namba tu: unarusha dadu mbili, unajumlisha, basi. Mwindaji wangu nimemnakili kwa bibi yangu wa Shumba. Kiumbe wake ana mioyo mitatu, damu ya buluu, na hubadili rangi hujapepesa jicho. Maji ya bamvua yakipwa, bibi hatafuti pweza. Hutafuta maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni mwa pango. Ndipo mchokoo uingie. Kumtambua jike anayelinda mayai, akamwacha, sijui nimpe ngapi. Mchezo huanza kumtia mhusika uzee akiwa na miaka 34. Bibi ana 71. Bamvua iliyopita alinipita mwambani, pweza wawili mkononi.