Safari ya Meli kwa Mfuko Mtupu

Je, msomaji, umewahi kupokea ujumbe wa kukupongeza kwamba umeshinda safari ya siku saba ndani ya meli ya kitalii, zile meli nyeupe zenye ghorofa nyingi kama majumba ya Nairobi, na kwamba kilichobaki ni wewe kutuma shilingi elfu kadhaa za "ushuru wa bandari"? Mimi nimeupokea mara mbili. Wa kwanza niliufuta huku nikicheka. Wa pili haukunichekesha, kwa sababu ulinikuta nikiuguza jeraha la meli nyingine, meli ambayo sikuwahi kuiona kwa macho lakini iliondoka na karo ya binti yangu.

Tafadhali usinicheke mpaka nimalize.

Mwaka wa 2023 kifungua mimba wangu alikuwa amehitimu kozi ya upishi katika chuo kimoja hapa jijini. Miezi minane alikaa nyumbani akitazama dari. Siku moja rafiki yake alimwambia kuna ofisi mjini inayowaandika vijana kazi katika meli za kitalii. Alirudi nyumbani mbio, akanikuta jikoni nikikatakata sukuma wiki.

"Mama, ni kuizunguka dunia bure!" alisema. "Unakula bure, unalala bure, na mwisho wa mwezi unalipwa!"

Nitakuambia ukweli: nilishawishika kabla hajamaliza kusema. Tangu utotoni nilitamani sana kupanda meli. Bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara moja tu, nilipohudhuria harusi ya kaka yangu huko Likoni, na hata siku hiyo nilivuka feri usiku nikiwa nimesinzia begani mwa shangazi. Nikajiambia kwamba kama si mimi, basi mwanangu.

Tulipanda hadi orofa ya tatu ya jengo moja katikati ya mji. Ofisi ilikuwa na meza mbili, kalenda, na picha kubwa ya meli ukutani. Bwana mmoja aliyevaa tai alitukaribisha kwa heshima zote, akaniita "mama yetu". Tulilipa shilingi 8,000 za usajili. Baada ya wiki mbili tukaitishwa 12,000 za visa. Kisha 15,000 za yunifomu. Kila mara tulipewa risiti yenye muhuri, na mimi, mtu mzima niliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, nilizikunja risiti zile nikazitia ndani ya Biblia kama hati za shamba. Zile elfu kumi na tano za mwisho zilikuwa karo ya muhula ya binti yangu wa kidato cha pili. Baba watoto sikumwambia. Nilidhani pesa zingerudi kabla hajauliza.

Tuliporudi kuulizia tarehe ya safari, mlango ule ulikuwa wazi, lakini ndani mlikuwa na dada wawili wakiuza nywele za kusuka. Picha ya meli haikuwapo. Simu ya yule bwana haikupatikana tena. Wiki iliyofuata binti yangu alitumwa nyumbani na sanduku lake, na hapo ndipo baba watoto alipojua kila kitu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ungeniambia mimi, ningekataa?" Swali hilo bado halijapata jibu nyumbani kwetu.

Kwa nini nakusimulia haya katika ukurasa wa likizo? Kwa sababu Desemba ya mwaka uliofuata kaka yangu wa Likoni alitutumia nauli ya garimoshi, mimi na watoto watatu, ili twende kupumzisha roho. Baba watoto alibaki kazini. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilikuwa imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 tangu Januari 2024, ila kitinda mimba wangu alilipiwa nusu kwa sababu hakuwa ametimiza miaka 12. Na kaka huyu, msomaji, amefanya kazi ya upishi melini kwa miaka mingi. Nilikuwa na mwalimu ndani ya ukoo wangu mwenyewe, na sikuwahi kumuuliza! Nilikuwa nimeona haya, nikitaka kumshangaza siku mpwa wake atakapopiga simu kutoka ng'ambo.

Jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa barazani, nilimsimulia yote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza jambo moja.

"Dada, walikulipisha visa?"

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo ungesimama ukaondoka."

Akanieleza, nami nakueleza wewe, hasa wewe kijana uliye chuoni ukiota ndoto kama ya mwanangu. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka wa 2006, ukaanza kutumika 2013, na Kenya ikauridhia 2014. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada yoyote ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubeba baharia mwenyewe ni za cheti cha daktari kinachotakiwa na serikali, kitabu cha baharia, na pasipoti. Visa hulipiwa na mwenye meli. Kwa hiyo mtu akikuitisha pesa ili akupatie nafasi, au pesa za visa, huna haja ya kuchunguza tai yake wala muhuri wake. Mawakala halali hupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, yaani KMA, yenye makao yake papo hapo Mombasa, na unaweza kuwauliza kama jina fulani wanalitambua. Jambo hili halikuhitaji zaidi ya simu moja.

Mafunzo ni jambo jingine. Mtu hapandi meli kufanya kazi bila mafunzo ya msingi ya usalama: namna ya kujiokoa baharini, kuzima moto, na huduma ya kwanza. Hayo hufunzwa katika vyuo vinavyotambuliwa, kama vile Bandari Maritime Academy pale Mombasa, na karo ya chuo si hongo ya wakala. Usichanganye mambo hayo mawili.

Je, ni kweli baharia huizunguka dunia bure? Kaka alicheka hadi akakohoa. Ule mkataba unataka apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Sasa piga hesabu mwenyewe ni saa ngapi zinazobaki za kazi. Yeye alilala chumba kisicho na dirisha, wawili wawili, karibu na mashine.

"Barcelona nimefika mara kumi na moja, dada," alisema, "lakini mji wenyewe nimeuona mara mbili. Mara nyingine zote nilikuwa nikimenya viazi."

Hata hivyo hakujuta. Kwa mshahara huo alijenga nyumba tuliyokuwa tumeketi kwenye baraza yake.

Kuna wanaopanda meli hizo kama wageni na wasilipe, au walipe kidogo sana. Usidhani ni hadithi. Wanamuziki na wachezaji hupewa chumba na chakula pamoja na malipo ya kazi yao. Wahadhiri wa historia, wa nyota au wa wanyama hualikwa kuwahutubia wasafiri wakati meli iko baharini, na zawadi yao mara nyingi ni chumba chenyewe. Wapo pia makasisi wanaoongoza ibada. Halafu kuna kiongozi wa kundi: kwa kawaida, anayekusanya abiria 15 au 16 wanaolipa hupata nafasi moja bila malipo. Niliposikia hilo nilikifikiria chama chetu cha kina mama. Tuko ishirini na wawili, na kumkusanya kila mmoja atoe mchango wa mazishi ni kazi ya wiki mbili!

Bei nazo hushuka sana pale meli inapohama. Karibu na Aprili meli nyingi za kitalii huondoka visiwa vya Karibiani kwenda bahari ya Mediterania, na karibu na Oktoba au Novemba hurudi. Safari hizo za kuvuka Atlantiki zina siku nyingi za maji matupu, kwa hiyo watalii huzikimbia na kampuni hupunguza nauli. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Mimi binafsi sioni faida yake kwa mtu wa Umoja au Buruburu. Utalipa ndege ya kwenda, ndege ya kurudi na visa, na hizo peke yake zitakuwa zimekula akiba uliyodhani umeiweka. Ni rahisi kwa mkazi wa Florida. Kama una mwana au dada anayeishi huko, hiyo ni hesabu nyingine.

Sisi tuliokuwa Likoni bila senti, kaka alitupeleka melini siku ya pili yake.

"Vaeni viatu imara," alisema. "Leo tunasafiri."

Msomaji, feri ya Likoni haimtozi nauli mtu anayevuka kwa miguu. Magari hulipa, wewe hulipi. Najua wakazi wa Mombasa watashangaa kwamba kuna mtu anayeiita likizo, kwa maana wao huvuka wakiwa na jasho la kuchelewa kazini. Lakini mchukue mtoto wa Nairobi ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Uhuru Park, umsimamishe juu ya chombo kinachobeba malori na mamia ya watu kwa pamoja, kisha sakafu ianze kutetemeka chini ya miguu yake na ufuo uanze kurudi nyuma! Kitinda mimba alinishika sketi kwa mikono miwili, akapiga ukelele, kisha akauachilia mkono mmoja, kisha wa pili.

Usiende saa za asubuhi wala za jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Nenda saa nne au saa nane. Kaka alitusimamisha katikati, mbali na lango ambalo magari huingilia, na kila mtoto alishikwa mkono hadi feri ilipokaa. Mtu wa pwani ana sababu ya kuwa mwangalifu hivyo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu tu na hapo, na watu 272 walipoteza maisha. Kaka alikuwa amewazika majirani wawili.

Tulipofika upande wa kisiwani tulitembea hadi Mama Ngina, kwenye ile bustani ya ufuoni yenye mibuyu mikubwa, tukaketi kwenye ukuta tukila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya Kilindini uko mbele yako pale. Kila meli inayoingia lazima ipite hapo, karibu kiasi kwamba unaweza kusoma jina lake. Tulihesabu meli mbili za makasha na moja ya mafuta. Kama una nafasi ya kuchagua, miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo meli za kitalii hupenda kutia nanga Mombasa.

(Kwa wenzetu wa Kisumu na Homa Bay: nanyi mna feri yenu ya Luanda K'Otieno hadi Mbita, kama saa moja ya ziwa, na kutoka Mbita mnaweza kuendelea hadi Rusinga kulizuru kaburi la Tom Mboya. Hiyo hailipishwi ghali, ingawa si bure.)

Kabla ya kuondoka ilitokea. Ilianza kama ukuta mweupe nyuma ya miti, kisha ukuta ukasogea. Meli ya kitalii ilikuwa ikitoka bandarini. Watu walisimama juu ya ukuta wakapunga mikono, na juu kabisa, kwenye vibaraza vya vyumba, watu wadogo kama punje za mchele walipunga nao. Watoto wangu wawili walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Nilimtafuta kifungua mimba. Alikuwa amekaa akiitazama, mikono imekunjwa. Kaka alikwenda akaketi karibu naye, akamwonyesha kwa kidole safu ya chini kabisa, karibu na maji, pasipo na madirisha.

"Jiko liko pale, mpwa wangu," alimwambia. "Saa hizi wanamenya viazi vya chakula cha jioni."

Kijana hakujibu. Baada ya muda nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, cheti cha usalama huchukua siku ngapi.

Tulirudi kivukoni jua likiwa limeanza kulegea. Feri iliposhusha lango upande wa Likoni, kitinda mimba aliniangalia.

"Mama, tunaweza kuvuka tena?"

Nilimtazama kaka, naye akatazama saa yake. Tukashuka na umati, tukazunguka, tukapanda tena.