Kiti cha trekta na mgongo wa Mzee

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nyumbani, karibu na Litein, na shida iliyonikalisha huko haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ya trekta.

Mzee wangu aliendesha trekta miaka mingi katika mashamba makubwa ya chai huko Kericho, akivuta trela za majani mabichi hadi kiwandani. Alistaafu na vitu viwili: mgongo mbovu, na Massey Ferguson 135 kuukuu aliyoinunua kwa akiba yake. Bado hulilima shamba nalo na kuwabebea majirani mizigo. Mwaka huu mgongo ulizidi, akasema analiuza. Kulikuwa na mtu wa Bomet mwenye Ferguson TE20 lililopakwa rangi upya, akakubali tubadilishane na atuongezee pesa kidogo. Mzee aliona trekta dogo litamtesa kidogo.

Kwa sura, hakuna mashindano. TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ni la kijivu, lina boneti ya mviringo, na halina kitu kilichozidi. La 135, lililoanza kutoka mwaka 1964, ni jekundu na lina pembe kama sanduku. Mimi na mdogo wangu tulipenda la kijivu papo hapo. Mzee alipanda, akakaa, akauliza: "Vijana, hiki ni kiti au sufuria?"

Kweli ni kama sufuria: bati lililofinyangwa kufuata makalio, limeshikwa na chuma bapa kinachonesa. Hakina mto. Lakini kina matundu ya kutoa maji, na kwa mvua ya Kericho hilo si jambo dogo. Mto wa 135 yetu ulikuwa umechanika na kunyonya maji kama sponji, Mzee akawa anaufunika kwa gunia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi kwa kutazama sura. Mwaka 1969 John Deere walitoa trekta za bustani ambazo mnunuzi aliweza kuchagua rangi ya boneti kati ya nyekundu, chungwa, bluu na njano, na kiti kikafanana nayo. Kiti kikawa pambo.

Basi nikafanya ninachojua. Nilifunga simu juu ya kila kiti, nikaandika programu fupi ya kurekodi mtikisiko kutoka kwa kihisi cha simu, na mdogo wangu akaendesha matrekta yote mawili kwenye kipande kilekile cha barabara ya murram, gia ya chini, trela tupu. Mwili wa mtu aliyekaa huumia zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka mwaka 2002: kwa siku ya saa 8, mwajiri achukue hatua mtikisiko ukifika 0.5 m/s², na usizidi 1.15. Simu si chombo cha maabara, kwa hiyo sikujipima na mipaka hiyo. Nililinganisha viti tu.

Nilitarajia mto ushinde. Ulishindwa! Grafu ya 135 ilikuwa na vilele virefu kuliko ya sufuria. Fundi alipolala chini ya kiti alikuta skrubu ya kukaza springi kulingana na uzito wa dereva imeshikwa na kutu. Springi zilikuwa zimelegea, na kila shimo kiti kiligonga chuma chini yake. Sijui Mzee alivumilia hivyo miaka mingapi. Hakuwahi kuambiwa kwamba skrubu hiyo ipo.

Mafuta, nyundo, mto mpya wenye kava ya plastiki. Tukapima tena na vilele vikashuka chini ya vile vya Ferguson. Mgongo haukupona, tusidanganyane. Lakini Mzee alikwenda kituo cha majani na kurudi, akashuka bila kushika kiuno. Trekta haliuzwi.

Niliporudi Nairobi nilifungua programu ninayowaandikia makarani wa kupima majani. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kuchagua rangi zake. Sikuwa nimewahi kuibonyeza kwa kidole kilicholowa mvua. Wiki hii naongeza ukubwa wa vitufe.